Mboga inanyauka na udongo umelowa: tafuta chanzo kabla ya kushika ndoo

Jani lililolegea halikuambii limepatwa na nini. Mmea uliokosa maji hulegea, na uliozama kwenye maji hulegea vilevile, kwa sababu mzizi usiopata hewa huacha kunyonya maji hata yakiwa tele. Hapo ndipo bustani nyingi za nyumbani zinapoharibikia: mtu anaona majani yamelala, anamimina ndoo; kesho yamelala zaidi, anamimina mbili. Kwa hiyo hapa tunaanzia chini. Kwa kila dalili, kagua udongo kwanza, kisha mizizi na shina, majani yaje mwisho.

Vipimo vitatu vya kufanya kwanza

Cha kwanza ni unyevu wa udongo penye mizizi. Kwa miche midogo, kidole kilichozama sm 5 kinatosha. Kwa nyanya, biringanya au hoho zilizokwisha kukua, kidole kitakudanganya, kwani juu panaweza kuwa pakavu na chini pamelowa chapachapa. Chimbua kwa sepeto ndogo hadi sm 15, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha finyanga udongo huo mkononi. Tifutifu lenye unyevu wa kutosha hufanya donge linalovunjika ukilisukuma kwa kidole gumba. Maji yakichuruzika kati ya vidole, yamezidi. Udongo ukitiririka kama unga, ni mkavu.

Cha pili ni kasi ya maji kupenya. Chimba shimo la kina cha sm 30, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena, halafu pima maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sm 2, hapo mizizi itakosa hewa kila ukimwagilia sana. Panda kwenye tuta lililoinuliwa sm 20 hadi 30. Yakishuka zaidi ya sm 10, udongo haushiki maji, na dawa yake ni mboji pamoja na kumwagilia kidogo kidogo mara nyingi zaidi.

Cha tatu ni kiasi cha maji unayotoa. Wengi hawakijui. Jaza ndoo ya lita 10 kwa mpira wako wa maji huku ukiangalia saa. Ikijaa kwa sekunde 40, mpira unatoa lita 15 kwa dakika. Tuta la mita 1 kwa mita 3 linalohitaji lita 10 kwa kila mita ya mraba litataka lita 30, yaani dakika 2 kamili. Ukisimama na mpira sekunde 20 kwenye tuta hilo, umelowesha vumbi tu.

Kiwango cha kuanzia ni lita 25 kwa mita ya mraba kwa wiki, mvua ikiwemo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kopo lenye kuta zilizonyooka likiachwa wazi linakuhesabia. Tifutifu ligawie mara mbili kwa wiki. Kichanga, mara tatu au nne. Joto kali na upepo vinaweza kuongeza mahitaji karibu maradufu, na ndiyo maana kipimo cha kwanza ndicho chenye kauli ya mwisho, si kalenda.

Mmea unanyauka

*Unalegea mchana, jioni unasimama.* Uache. Maboga na matango yenye majani mapana hupoteza maji jua la mchana kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hata kama udongo una unyevu mzuri. Kagua alfajiri: kama yamesimama, hakuna kasoro.

*Alfajiri bado umelegea, udongo wa sm 15 ni mkavu.* Kiu ya kweli. Usimimine yote kwa mkupuo, maana udongo uliokauka sana hukataa maji na kuyaacha yakimbilie kwenye mtaro. Mwaga kidogo, lita 2 au 3 kwa mita ya mraba, subiri dakika 15, kisha rudi na kiasi kilichobaki. Baada ya saa moja chimbua uone maji yamefika wapi. Yakiwa yamefika sm 5 tu, hujamaliza. Kisha tandaza matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sm 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Yakigusa shina, shina huloa muda wote na kuoza.

*Alfajiri umelegea, udongo umelowa.* Ng'oa mmea mmoja, ulio mbaya kuliko yote. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa na haikatiki kirahisi. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiuvuta mzizi kati ya vidole viwili ganda la nje huvuka kama soksi, likiacha uzi mwembamba. Mara nyingi hunuka kinamasi. Acha kumwagilia kabisa mpaka sm 5 za juu zikauke. Ondoa matandazo kwa muda ili udongo upate hewa. Chimba mfereji wa kina cha sm 20 kando ya tuta maji yapate pa kwenda. Usiweke mbolea ya chumvichumvi kipindi hiki: mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuitumia, na chumvi yake huikausha zaidi. Mmea uliopoteza mizizi kiasi utarudi baada ya wiki moja au mbili ukiupunguzia majani na matunda. Uliooza hadi kwenye shina hautarudi.

*Udongo uko sawa, mmea mmoja tu unanyauka katikati ya wenzake.* Hapa maji hayahusiki, na kuongeza maji kunasambaza ugonjwa. Kuna watuhumiwa wanne.

Mnyauko bakteria hushika nyanya, viazi mviringo, biringanya na hoho. Mmea hulala ghafla ukiwa bado wa kijani, karibu bila kupata umanjano. Kata kipande cha shina cha sm 10 karibu na ardhi, kiinamishe ndani ya glasi ya maji safi, mkato mmoja ukiwa ndani, bila kutikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, jibu umelipata. Hauna dawa. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, usiutupe kwenye mboji, osha vifaa kwa sabuni, na usiache maji ya eneo hilo yatiririkie mimea mingine. Sehemu hiyo ipande mahindi au jamii ya kitunguu kwa misimu kadhaa.

Mnyauko fuzari huja polepole: majani ya chini huwa ya njano kwanza, mara nyingi upande mmoja tu wa mmea. Bandua ganda la shina karibu na ardhi na utaona michirizi ya kahawia ndani. Glasi ya maji haitatoa maziwa. Kuvu wake hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo suluhisho la msimu ujao ni mbegu zinazostahimili.

Minyoo fundo huacha uvimbe usio na mpangilio kwenye mizizi. Kabla ya kuhukumu maharage au kunde, kumbuka kuwa jamii hiyo ina vinundu vyake vya kutengeneza naitrojeni: hivyo vimening'inia kando ya mzizi, hubanduka ukivisugua, na vikiwa vinafanya kazi huwa na rangi ya waridi ndani. Uvimbe wa minyoo haubanduki, kwa kuwa ni mzizi wenyewe uliovimba.

Wa nne ni mdudu aliyetoboa shina. Tafuta tundu dogo lenye unga kama wa mbao karibu na ardhi, hasa kwenye maboga.

Maji yanapita moja kwa moja, au yanasimama juu (vyungu na ndoo)

Maji yakitoka chini sekunde chache baada ya kumimina, usifurahi kwamba mmea umeshiba. Mchanganyiko uliokauka sana husinyaa na kujitenga na kuta za chombo, maji yakateremka pembeni bila kugusa mizizi. Inua chombo: kikiwa chepesi kama kilivyokuwa kabla, ndivyo ilivyo. Kizamishe ndani ya beseni la maji hadi karibu na ukingo kwa dakika 30, mpaka mapovu yaishe.

Maji yakisimama juu, kagua matundu. Ndoo ya lita 20 inahitaji matundu manne hadi sita ya upana wa sm 1, na isikae bapa kwenye sakafu. Iinue kwa vipande vya tofali. Kuhusu kokoto chini ya chungu: haziondoi maji. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ujae kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kupandisha tope karibu zaidi na mizizi. Kipande cha wavu juu ya matundu kinatosha.

Ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu ni chumvi ya mbolea na ya maji yenyewe. Huenda sambamba na ncha za majani zilizoungua. Pitisha maji safi yenye ujazo mara mbili ya chombo, polepole, yote yatoke chini, na usiache chombo kikae ndani ya sahani yenye maji hayo. Kisha mbolea ya maji iweke kwa nusu ya kipimo.

Majani yanakuwa ya njano

Angalia ni majani yapi yaliyoanza, kwa kuwa hilo peke yake hukupa nusu ya jibu. Naitrojeni, magnesi na potasiamu huhamishika ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzivuta kutoka kwenye majani ya zamani na kuyapa machanga, hivyo ya chini ndiyo huonyesha kwanza. Chuma na kalsiamu hazihamishiki, kwa hiyo upungufu wake huonekana kileleni.

Majani ya chini yakiwa ya njano yote kwa usawa na mmea umedumaa, ni naitrojeni. Urea gramu 10 kwa mita ya mraba, kama vijiko viwili vya chai na nusu, inatosha. Iweke sm 10 kutoka kwenye shina, ifukie kidogo na umwagilie hapo hapo. Ikiachwa juu, sehemu yake hupotea hewani kama amonia. Anayetumia samadi ahakikishe imeoza. Mbichi huunguza mizizi, na kwa mboga zinazogusa udongo, kama saladi na karoti, ipite miezi 4 kati ya kuiweka na kuvuna, kwa sababu ya vijidudu vya magonjwa ya tumbo.

Majani ya chini yenye umanjano kati ya mishipa, mishipa ikibaki kijani, ni magnesi. Chumvi ya Epsom gramu 20 kwa lita 1 ya maji, nyunyiza kwenye majani jioni, rudia baada ya wiki. Kingo zilizoungua za kahawia kwenye majani ya chini: potasiamu, au chumvi nyingi.

Majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani ni chuma, lakini mara chache chuma ndicho kilichokosekana ardhini. Kipo, ila hakinyonyeki, ama kwa sababu pH (kipimo cha asidi ya udongo) imezidi 7.5, ama kwa sababu mizizi imezama. Rudi kwenye kipimo cha kwanza kabla ya kununua chochote. Na anayemwaga majivu kila wiki ajue kwamba ndiyo yanayopandisha pH.

Jani moja au mawili ya chini kabisa yakigeuka njano kwenye nyanya iliyojaa matunda, huo ni uzee tu.

Majani yamejikunja

Kwenye nyanya, majani ya chini yanapojiviringa kwa juu kama mrija, yakiwa mazito, ya kijani na bila doa, mmea unapunguza uso unaopoteza maji. Husababishwa na joto, ukavu au kupogoa sana, na matunda hayadhuriki. Lakini majani ya kileleni yakiwa madogo, yamekunjamana juu kama kijiko, kingo za njano, na mmea umegoma kurefuka, hicho ni kirusi kinacholetwa na nzi weupe. Gusa mmea: vijidudu vyeupe vikiruka kama vumbi, umewaona. Mmea huo ng'oa, ukiufunika kwanza kwa mfuko ili nzi wasihamie kwa jirani.

Majani machanga yaliyopinda na kunata, yenye sisimizi wanaopanda na kushuka, ni vidukari. Geuza jani utawaona. Mkupuo wa maji kutoka chini ya jani, asubuhi tatu mfululizo, huondoa wengi; waliobaki wape sabuni laini ya maji, mililita 10 kwa lita 1, jioni, ukijaribu kwanza jani moja na kusubiri siku moja. Sabuni huua inapogusa mdudu tu, kwa hiyo kunyunyiza upande wa juu wa jani ni kazi bure. Vitone vidogo vya njano na utando mwembamba chini ya jani ni utitiri. Huyu hupenda ukavu na vumbi, na maji hayo hayo ya chini ya jani humpunguza.

Matunda yana kasoro

*Kitako cheusi.* Sehemu ya chini ya nyanya, hoho au boga inakuwa na doa la maji, kisha jeusi, bapa, gumu kama ngozi. Si ugonjwa, wala haliambukizi. Kalsiamu husafiri na maji, na maji hukimbilia kwenye majani kwa kuwa ndiko yanakopotea hewani. Tunda dogo hupata masalia. Mmea ukikauka siku mbili tu tunda likiwa changa, ncha yake hukosa kalsiamu na chembe zake hufa, ingawa doa utaliona baadaye, wakati ambapo umeshasahau siku zile mbili. Kwa kawaida mashada ya kwanza ndiyo huathirika zaidi.

Kwa hiyo: vuna matunda yenye doa uyaondoe, mwagilia kwa ratiba isiyoruka, weka matandazo, palilia kwa juu juu usikate mizizi, na punguza mbolea ya naitrojeni yenye amonia. Maganda ya mayai yanachukua muda mrefu mno kuoza kukusaidia msimu huu, na kalsiamu ya kunyunyiza kwenye majani hubaki kwenye majani. Kama pH iko chini ya 5.5, chokaa itasaidia, lakini iwekwe kabla ya kupanda.

*Nyanya zinapasuka.* Ukavu, halafu maji mengi ghafla: ndani kunavimba kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Mvua kubwa ikikaribia, vuna zote zilizoanza kubadilika rangi. Zitaivia ndani ya nyumba.

*Matango ni machungu.* Kiu na joto huongeza kukurbitasini, kemikali inayoleta uchungu, hasa upande wa kikonyo na chini ya ganda. Kata sm 3 upande huo, menya, onja. Boga changa lenye uchungu mkali usilile hata kidogo, hata likipikwa. Uchungu huo ni sumu na moto hauiondoi.

*Maua yanadondoka.* Nyanya hushindwa kutunga mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukizidi 24 au kushuka chini ya 13, kwa sababu chavua inaharibika. Wavu wa kivuli unaozuia asilimia 30 ya jua husaidia, na maji ya asubuhi. Kama hali ya hewa ni nzuri na mmea ni mnene, kijani iliyokolea, hauna tunda, umeushibisha naitrojeni. Acha mbolea hiyo.

Kwa maboga, maua ya mwanzo huwa ya dume na hudondoka yote. Jike lina kijitunda nyuma ya ua. Kijitunda kikigeuka njano na kusinyaa kuanzia ncha, hakikuchavushwa: asubuhi, kabla ua halijafunga, chuma dume, ondoa petali zake, lipake katikati ya ua la jike.

Miche inakufa kitaluni

Mche ulioanguka huku shina lake limesinyaa kama uzi pale linapokutana na udongo una kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche. Aliyeanguka hasimami tena; kazi ni kuokoa waliobaki. Acha maji ya juu, weka trei ndani ya maji kina cha sm 2 kwa dakika 10 kisha itoe, punguza miche iliyobanana, ruhusu hewa ipite. Usirudie udongo huo kwa mbegu mpya.

Mche uliokatwa safi usiku, kana kwamba kwa wembe, umekatwa na sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua sm 5 kuzunguka shina, utamkuta amejikunja. Miche mingine ivishe mkanda wa karatasi ngumu wenye urefu wa sm 8, sm 3 zikiwa ardhini. Mche mrefu, mwembamba na mweupemweupe unatafuta mwanga, wala maji hayataunenepesha.

Madoa na unga kwenye majani

Bakajani (ugonjwa wa madoa), tangulia na chelewa, huhitaji jani likae na maji kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu ya kumwagilia shinani na asubuhi, ili kilichorukia kwenye majani kikauke. Kwenye nyanya ondoa majani yote ya chini hadi sm 30 kutoka ardhini. Viuatilifu vya shaba hulinda jani zima, haviponyi lenye doa.

Ubwiri unga, yaani ugonjwa wa unga mweupe juu ya majani, ni kinyume: hauhitaji jani lililolowa, na hustawi mimea ikibanana na kivuli kikizidi. Pogoa kwanza, nyunyiza baadaye.

Ile imani kwamba matone ya maji huunguza majani jua likiwaka isikusumbue. Ubaya wa kumwagilia saa 7 mchana ni kwamba sehemu kubwa ya maji huishia hewani. Kinachounguza kweli ni maji yaliyolala ndani ya mpira uliochomwa na jua. Yaache yamwagike kando mpaka yapoe ndipo uelekeze kwenye mboga.

Mfumo wa matone: mimea ya mwisho wa mstari imedumaa

Weka vikombe chini ya matundu matano, mwanzo hadi mwisho, kwa dakika 10, ulinganishe. Cha mwisho kikiwa na pungufu ya robo au zaidi, fungua ncha ya bomba maji yatoke kwa kasi mpaka yawe safi, osha chujio, rudia kipimo. Tundu moja likiwa limeziba peke yake, lichokonoe au libadilishe. Kama yote ya mwisho ni dhaifu na bomba ni safi, mstari ni mrefu kuliko msukumo ulionao: ugawe mara mbili, au inua tangi.